Pingamizi la Waziri wa Subira

Nchi yangu ina jina zuri sana, lakini sitalitaja. Kulitaja bila kibali ni kosa, na kibali hutolewa Alhamisi tu, na Alhamisi afisa wa vibali huwa kwenye semina. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani. Amani yetu ni kubwa kiasi kwamba tumeiundia wizara, Wizara ya Subira na Foleni, na waziri wake ni muumini wa usharika wetu. Mimi ni karani wa usharika huo, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Naandika haya nikiwa nimesimama, maana siku hizi kila nikikaa naona kama kiti kinanifukuza.

Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Kornelio Mbwilande, ni mmoja wa Ndugu wa Kamba. Hiki ni chama cha kheri. Wanachama wake hujifunga kamba nyeupe ya katani kiunoni, juu ya koti la suti, na hupendana. Siasa hawana hata chembe. Ni bahati tu kwamba mawaziri wote, wakuu wa wilaya wote, mganga mkuu na msajili wa vifo wamejikuta humo. Chama kilianza siku mwasisi wao, akitoka karamuni, alipotumbukia mtaroni. Wenzake sita, badala ya kumpa mkono, walijitupa mtaroni wote ili asiaibike peke yake. Watatu walivunjika miguu. Hapo ndipo ilipoandikwa Kanuni ya Nne: ndugu akisimama mbele za watu, ndugu husimama, ndugu akisema, ndugu husema hilohilo, na hakai mtu mpaka aliyeanza akae. Siku ya Mtaro ni sikukuu ya taifa. Utawaona waheshimiwa wetu wakishuka mtaroni na suti zao, mmoja mmoja, bendi ya polisi ikipiga, na sisi wananchi tukishangilia kutoka ukingoni, maana kushuka haturuhusiwi.

*

Kanisani Ndugu hukaa mabenchi mawili ya mbele, Waziri na wenzake kumi na sita. Sina la kulalamika juu yao. Ni kweli kwamba Pasaka iliyopita simu ya Waziri ililia katikati ya sala ya toba, akaipokea, akasema, "Haloo, sema," na Ndugu kumi na sita wakatoa simu zao wakasema, "Haloo, sema," wengine simu zenyewe zikiwa zimezimwa. Ni kweli pia kwamba Waziri hulala wakati wa mahubiri. Lakini hulala kwa heshima, mgongo wima, mikono juu ya Biblia, na wenzake hufumba macho pamoja naye. Mchungaji wetu, Nehemia, mtu mpole kupita kiasi, amezoea kuhubiri akiliangalia benchi la tatu.

Balaa lilianza Jumapili ya pili ya mwezi ule, kwenye matangazo ya ndoa. Kwa utaratibu wetu majina ya wachumba husomwa Jumapili tatu, na kila mara huulizwa kama yupo mwenye pingamizi. Nilisoma mimi mwenyewe: "Amoni, mwalimu, wa usharika huu, na Zerida, muuguzi, wa usharika huu. Hii ni mara ya pili." Zerida ni mtoto wa dada yangu. Dada alifariki akimnyonyesha, nikamlea mimi, kwa hiyo sauti ilinitetemeka kidogo na sioni haya kulisema. Nikamalizia: "Mwenye pingamizi aseme sasa."

Miaka ishirini na mbili nimeuliza swali hilo na kujibiwa na vikohozi tu. Safari hii Waziri akashtuka usingizini. Wanaomjua bungeni wanasema ndivyo alivyo, akisikia neno pingamizi huamka nalo. Akasimama, akaweka kamba yake sawa, akanguruma, "Napinga!"

Mkuu wa Wilaya akasimama. "Napinga!" Mganga Mkuu akasimama. "Napinga!" Msajili wa vifo naye, na meneja wa maji, na wengine wote. Wa mwisho alikuwa Mzee Zabloni mwenye goti bovu. Alichukua muda kunyanyuka, na kanisa zima likamsubiri apinge.

"Unapinga nini, Mheshimiwa?" Mchungaji akauliza.

"Hilo lililosomwa."

"Kwa sababu gani?"

"Sababu zitatolewa wakati mwafaka," alisema Waziri, akaketi. Wenzake wakaketi. Kabla sijakunja karatasi yangu alikuwa amerudi usingizini.

Nilimtafuta Zerida kwa macho. Alikuwa kwenye kwaya, kitabu cha nyimbo mkononi, amekishika kichwa chini miguu juu. Wimbo uliofuata waliimba wenzake.

Lazima nieleze kwa nini hatukuweza kungoja. Nchini kwetu watumishi wa serikali hupangiwa vituo kwa kura. Zerida na Amoni walipangiwa Kaskazini, mwendo wa siku tatu kwa basi, barua moja ya "Bwana na Bibi", waripoti tarehe mosi. Barua ilisema wazi: ikifika siku hiyo hawajafunga ndoa, Zerida aende Kaskazini, Amoni apelekwe Kusini, miaka mitano, na uhamisho hauombwi. Mwezi ulikuwa umebakiza Jumapili mbili.

*

Jumatatu nilikwenda na Zerida wizarani. Chumba cha kungojea cha Wizara ya Subira ni kikubwa kuliko kanisa letu, na ukutani kumeandikwa kwa herufi za dhahabu, SUBIRA YAVUTA HERI. Zerida hakukaa hata dakika moja. Alikwenda mpaka dirishani, akarudi, akaenda, akarudi, mpaka watu waliokuwa wakingoja tangu wiki iliyopita wakaanza kumwonea huruma.

"Ngoja ngoja yaumiza matumbo," alisema kwa sauti. Katibu muhtasi akamwomba jina lake kamili, akaliandika mahali.

Saa tisa alasiri tukaitwa ndani.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, marahaba, karibuni. Mmengoja sana?"

"Saa saba," nikasema.

"Vizuri sana. Wastani wa taifa ni saa tisa." Akatuonyesha viti. Zerida akabaki amesimama.

"Mheshimiwa, jana ulipinga ndoa yangu."

"Mimi?" Waziri akamgeukia msaidizi wake. Msaidizi akaitikia kwa kichwa. "Ahaa. Basi nilipinga."

"Kwani unanijua?"

"Sikujui, binti yangu. Ndiyo kwanza nakuona, na naona una adabu zako."

"Sasa uliipingia nini?"

"Hilo ndilo swali," alisema Waziri kwa upole wa kweli kabisa. "Ningekuwa na jibu, haki ya Mungu, ningekupa sasa hivi."

Mimi nikaona nisaidie. "Mheshimiwa, kama ni usingizi, si aibu, sote tunalala. Jumapili simama tu useme umeliondoa."

Uso wake ukabadilika. "Karani, nikiliondoa mimi, wale kumi na sita watakuwa wamesimama bure. Mzee Zabloni na goti lile! Hapana. Neno la ndugu aliyesimama haliondolewi. Linatafutiwa sababu."

Jioni ile ile redio ikatangaza kuundwa kwa Tume ya Kutafuta Sababu.

*

Wajumbe wa tume walikuwa wale wale kumi na sita, jambo ambalo redio ililisifu, kwa kuwa walikuwa na uzoefu na suala lenyewe. Walifika nyumbani kwangu Jumanne asubuhi na makabrasha. Mkuu wa Wilaya alitaka kuona ripoti ya Zerida ya darasa la nne. Mganga Mkuu alimhesabu meno, akayakuta yote, akaandika "kamili mno" na kupigia mstari. Msajili wa vifo alithibitisha kwamba Zerida hajafa, ingawa kifo, alisema kwa masikitiko, kingerahisisha kazi.

Jirani mmoja alikumbuka kwamba Zerida, akiwa na miaka saba, alicheka msibani. Tume ilifurahi nusu siku nzima. Walishapiga hata picha ya pamoja. Kisha ikagundulika kwamba marehemu alikuwa mwenyekiti wa chama cha upinzani, na mwaka ule kucheka kulikuwa kunaruhusiwa.

Siku hizo nyumba yangu haikutulia. Zerida aliosha sahani zilizokwisha kuoshwa. Amoni alikuja kila jioni, akitoka shuleni na chaki bado mikononi, na wawili hao walizunguka nyumba, mmoja akienda huku na mwingine kule, wakikutana upande wa jikoni na kuulizana, "Kuna habari?" Mimi niliwatazama dirishani. Nilikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilinikasirisha.

Ijumaa tume ikatoa ripoti ya awali. Ilikuwa ya ukurasa mmoja na picha kumi na saba. Ilisema: "Sababu ipo, na ni nzito. Haijapatikana." Waliomba kuongezewa miezi sita.

*

Jumamosi baraza la wazee wa kanisa likakutana. Mchungaji alifungua kwa sala ndefu, kisha akapendekeza tufunge kwa sala nyingine. Mama Foibe, mwenyekiti wa umoja wa wanawake, akamkata.

"Mchungaji, samahani. Mtu kaharibu ibada. Mwizi wa kuku tulimweka benchi la nyuma. Mlevi aliyetapika kisimani tulimweka benchi la nyuma. Huyu naye ana nini cha zaidi?"

"Ana walinzi," akanong'ona mzee mmoja.

"Basi na walinzi wakae nyuma!"

Benchi la nyuma, kwa asiyejua, ndiyo adhabu yetu kubwa. Liko karibu na mlango, panapoingia vumbi na mbwa. Mkosaji hukaa hapo Jumapili tatu, hasalimiwi, na meza ya Bwana haisogelei. Watu wazima wamelia machozi kwenye benchi lile. Mchungaji alisaini barua kwa mkono unaotetemeka hadi jina lake likasomeka Nehemiaaa, na mimi nikaipeleka.

Waziri aliisoma akafurahi kama mtu aliyealikwa harusini. "Benchi la nyuma! Sijawahi kufika huko. Nitakwenda kujionea hali ya wananchi."

Jumapili akaenda, akaketi nyuma. Kwa mujibu wa Kanuni ya Nne, kumi na sita wakamfuata. Walinzi wakafuata. Wafanyabiashara wa benchi la tatu, ambao kwa miaka wamelipenda neno la Mungu wakiwa nyuma ya Waziri tu, wakaona wametupwa mbali, wakahama. Mzazi mwenye mgonjwa akataka kuwa karibu na Mganga Mkuu. Mwenye bomba kavu akataka kuwa karibu na meneja wa maji. Ulipofika wimbo wa pili, mbele kulikuwa kweupe, na watu wote walikuwa wamegeuka kumtazama Waziri, kwa hiyo Mchungaji alivihubiria visogo. Kabla ya sadaka wazee wanne wakainyanyua mimbari na kuipeleka mlangoni.

Sasa benchi la nyuma likawa la mbele. Mama Foibe peke yake ndiye aliyekataa kuhama, akabaki karibu na altare, mikono kifuani, amenuna. Wageni waliochelewa kufika wakamwona kule mbali, wakaulizana kwa kunong'ona yule mama kafanya kosa gani. Baada ya ibada Waziri alilishukuru kanisa kwa heshima kubwa tuliyompa, na Ndugu kumi na sita wakashukuru vivyo hivyo.

*

Wazo lililofuata lilikuwa langu. Natamani niseme lilikuwa la mwingine, lakini lilikuwa langu.

Jumatatu nilipata katiba ya Ndugu wa Kamba, nikaisoma mpaka macho yakauma. Kanuni ya Kumi na Moja ilisema: ndugu hampingi ndugu. Nilitoka mbio bila kofia. Niliwakuta Amoni na Zerida jikoni, nikasema, nikihema, "Amoni ajiunge! Akiwa ndugu, pingamizi linakufa lenyewe."

Zerida aliweka mwiko chini. "Mjomba, mimi naolewa na Amoni. Sijaposwa na kamba."

"Zeri, ni kamba tu," Amoni alisema. "Wiki moja. Tukifika Kaskazini naifungia mbuzi."

"Na wakikusimamisha?"

"Nani wa kunisimamisha? Waziri mwenyewe analala."

"Waziri alilala, Amoni, na tazama tulipo."

Amoni akapangusa chaki mikononi. Ni kijana mwema, mwalimu wa hesabu, hajawahi kumpiga mtoto wa mtu. Alikuwa amechoka kuzunguka nyumba. Akanitazama mimi, mkubwa wake, nimsaidie.

"Mwanangu," nikamwambia Zerida, "mkono usioweza kuukata, ubusu."

Aliuchukua mwiko, akauosha. Kisha akasema, "Haya, Mjomba," akaenda kupiga pasi nguo ambazo tayari zilikuwa zimenyooka.

Alhamisi Amoni akashushwa mtaroni. Mvua zilikuwa zimeanza, akatoka na matope hadi kifuani na kamba nyeupe pepe kiunoni. Ndugu walimkumbatia, wakalia. Alasiri hiyohiyo redio ikatangaza kwamba tume imejiridhisha kuwa sababu haikuwepo, na inampongeza Waziri kwa kuiona mapema.

Mchungaji alikubali tangazo la tatu na ndoa vifanyike katika ibada moja, Jumapili ya mwisho. Basi la Kaskazini lilikuwa linaondoka saa saba mchana siku hiyo. Mabegi mawili tuliyapeleka stendi mapema asubuhi.

*

Wazee walikuwa wamefuta adhabu baada ya Jumapili moja tu, mimbari ikarudishwa mahali pake, na Ndugu pia, sasa wakiwa kumi na saba, Waziri akiwa wa kumi na nane. Zerida alikaa benchi la mbele kabisa na shela lake, Amoni kando yake. Mguu wa Zerida ulikuwa ukigongagonga sakafu. Nilisoma tangazo lao, nikauliza swali, na kwa rehema za Mungu akakohoa mtu mmoja tu. Nilimwona Zerida anashusha pumzi. Nami nilifurahi, nilifurahi sana.

Lakini karatasi yangu ilikuwa na tangazo jingine. "Nuruana, binti wa fundi cherehani, na Yoeli, mwashi. Hii ni mara ya kwanza." Utaratibu ni utaratibu, ilinibidi niulize. Nilijaribu kuuliza taratibu, karibu na kunong'ona.

Waziri akashtuka. Akasimama. "Napinga!"

Mkuu wa Wilaya akasimama. Mganga Mkuu akasimama. Walisimama wote, na Mzee Zabloni na goti lake, "Napinga, napinga." Vichwa vya kanisa zima vikageukia benchi la mbele.

Amoni akasimama. Hakupaza sauti. "Napinga," akasema.

"Mna sababu gani?" Mchungaji akauliza, na safari hii hakujibiwa, kwa sababu Waziri alikuwa amelala palepale aliposimama, mkono mmoja juu ya benchi. Ni ufundi alioupata kwenye magwaride. Kwa kuwa hakukaa, hakukaa ndugu yeyote.

Zerida alimvuta Amoni kwenye mkono wa koti. "Amoni, kaa."

"Nakaa. Akikaa tu."

"Kaa sasa."

"Zeri, kanuni."

Benchi la tano, Nuruana alikuwa akimuuliza baba yake, "Baba, kwani nimefanya nini?" Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaka kujua kweli. Fundi cherehani alimshika mkono. Alikuwa akimtazama Amoni, aliyemfundisha binti yake hesabu.

Zerida akainuka, akaenda mpaka mbele ya Mchungaji.

"Mchungaji, wenye pingamizi bado wanaruhusiwa?"

"Mwanangu... kwa utaratibu, ndiyo."

"Napinga ndoa hii."

"Ya Nuruana?"

"Yangu."

Mchungaji alichanganyikiwa, na aliyechanganyikiwa hufuata mazoea. "Kwa sababu gani?"

"Ile pale," Zerida akasema, akanyoosha kidole. "Imesimama."

Akavua shela, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya meza ya matangazo, mbele yangu. Macho yake yalikuwa makavu. "Mjomba," akasema, "nisindikize stendi."

Nilimwambia nakuja, namalizia matangazo. Yalikuwa yamebaki mawili, la kwaya na la kufagia kanisa. Hakuningoja. Mama Foibe ndiye aliyeinuka akamfuata, na viatu vyao vikasikika mpaka mlangoni, kisha kwenye changarawe, kisha havikusikika tena. Amoni aligeuza shingo kuwatazama. Mwili haukugeuka. Nami nikasoma tangazo la kwaya, kisha la kufagia, kwa sauti nzuri, bila kukosea hata neno.

Saa saba na robo Waziri akaamka. Akatazama huku na huku, akanyoosha kamba yake, akauliza kama chakula cha harusi kimeshaiva.

"Chakula cha harusi kimeshaiva?" akauliza Mkuu wa Wilaya. "Kimeshaiva?" akauliza Mganga Mkuu. Swali likapita kwa msajili wa vifo, kwa meneja wa maji, likapita benchi zima hadi kwa Mzee Zabloni. Kisha wote wakamwangalia Amoni. Machozi yalikuwa yakimtiririka kwenye kola, nikadhani atakataa.

Akauliza.